Nikipiga magoti maneno hayaji. Je, imani yangu imekufa?

Shangazi, Bwana asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mikindani hapa Mombasa. Niliokoka nikiwa kidato cha pili na tangu hapo sijarudi nyuma. Kwaya nimeimba, watoto wa Sunday school nimefundisha. Nakuandikia kwa sababu naona imani yangu inaisha na sina wa kumwambia. Nikiyasema haya kanisani nitawekewa mikono kama mwenye pepo.

Mume wangu alikuwa karani katika yadi moja ya makontena huko Changamwe. Mizigo ilipoanza kupelekwa moja kwa moja Nairobi kwa reli ya SGR, kazi za yadi zikapungua, wengi wakaachishwa, naye akiwamo. Akachukua tuktuk ya mtu, jioni anapeleka hesabu, kinachobaki tunakula. Tulikuwa tunasukuma maisha. Mwaka jana, alfajiri moja, akaniita kwa sauti ambayo sikuielewa. Kuwasha taa, mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia umelegea kabisa. Kiharusi. Daktari akasema presha ilikuwa imepanda siku nyingi bila sisi kujua.

Tulichangiwa, Mungu awabariki waliochanga, lakini bili ilizidi michango. Friji niliuza, cherehani nikauza. Sasa yuko nyumbani, anatembea kwa kujishika ukutani, na maneno yanamtoka kwa shida. Mimi naamka saa kumi za usiku kukanda mahamri na kubandika mbaazi, saa kumi na mbili niko barabarani nauza. Kodi nina deni la miezi miwili. Kijana wangu mkubwa yuko kidato cha tatu na amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Mchungaji wangu ametuambia haya yote ni laana ya ukoo wa mume wangu, na kwamba haitakatika mpaka nipande mbegu ya shilingi 10,000 madhabahuni. Nimepata zamu yangu ya chama, shilingi 12,000, nazo nilizitenga kwa karo. Mama mmoja wa kikundi cha maombi naye ameniambia kwamba kuendelea kumpa mume wangu vidonge vya presha ni kuonyesha simwamini Mungu. Ni wiki ya tatu sasa hamezi. Jirani yangu wa Kiislamu ndiye anayekaa naye nikiwa barabarani, na siku nyingine analeta chakula kwa watoto. Huyo pia nimeambiwa nisile chakula chake.

Shangazi, shida yangu kubwa hata si pesa. Siwezi kuomba. Kwenye kesha napaza sauti na wenzangu lakini ni mdomo tu. Nikiwa peke yangu napiga magoti na kinachonijia ni "kwa nini". Usiku mmoja nilimwambia Mungu, "Umenichosha." Tangu hapo naogopa, nahisi nimekufuru. Zipo siku natamani nilale nisiamke. Nimesikia mahubiri mengi kwamba shida hukuza imani. Mbona yangu inapungua? Nimekosea wapi? Na zile pesa nizitoe?

Mama wa Watatu, Mikindani

*

Mwanangu, asifiwe milele.

Nitaanza na dawa, kwa sababu hayo mengine yanaweza kungoja siku mbili na hili haliwezi. Mrudishe mumeo kliniki kesho asubuhi. Waambie wauguzi ukweli, kwamba amekaa wiki tatu bila vidonge, wampime na waseme aanze vipi tena. Mtu aliyekwisha kupata kiharusi, presha yake ikiachwa bila dawa, anaweza kupigwa na cha pili, na mara nyingi cha pili huchukua kile ambacho cha kwanza kilibakisha. Ukiona mdomo unakwenda upande tena, au mkono unakosa nguvu ghafla, au maneno yanavurugika kuliko ilivyo sasa, usingoje pakuche wala usimwite mtu wa maombi kwanza. Hospitali, saa hiyohiyo. Mtamwombea njiani.

Tena usiende na moyo wa kujiona msaliti. Mfalme Hezekia aliugua karibu na kufa, akaomba, akalia, na Mungu akamjibu kwa kinywa cha Isaya kwamba ataongezewa miaka 15. Isaya huyohuyo akaagiza uletwe mkate wa tini, ukawekwa juu ya jipu. Ahadi ya Mungu ilikuwa imetoka tayari, na bado dawa ikapakwa. Paulo alimwandikia Timotheo habari za tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, na ushauri aliompa ulikuwa atumie mvinyo kidogo. Hakumwambia imani yake ni haba. Yule mama wa kikundi pengine anakupenda kweli, lakini kwa hili amekupotosha, na ukimruhusu aendelee kuiamua afya ya mumeo mtazika mtu.

Ukiwa huko kliniki, uliza pia kuhusu mazoezi ya viungo, na mtu akuonyeshe namna ya kuyafanya nyumbani. Uliza kama usajili wenu wa SHA, ile bima ya afya ya serikali, uko sawa, maana tangu Oktoba 2024 ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF na wengi waliokuwa kwenye ile ya zamani hawajaukamilisha ule mpya.

Sasa zile pesa. Usizitoe. Ni karo.

Najua ulivyolelewa, na najua neno hilo linakutisha, kwa hiyo nitakuonyesha ninapolitoa. Fungua Wafalme wa Pili, sura ya nne. Mama mjane anamlilia Elisha: mume amekufa, mwenye kumdai amekuja kuchukua wanawe wawili wawe watumwa. Nyumba yenye deni na watoto walio hatarini, kama yako. Nabii anamuuliza, una kitu gani nyumbani? Ana chupa ya mafuta tu. Mafuta yanaongezeka mpaka vyombo vinakwisha, na nabii anamwambia auze, alipe deni, na kinachobaki akitumie yeye na wanawe. Soma mpaka mwisho uone kama Elisha alidai hata tone moja la yale mafuta. Hakudai.

Watakutajia yule mjane wa senti mbili. Na wewe wakumbushe mistari inayomtangulia, Marko 12, ambapo Yesu anawakemea waandishi "ambao hula nyumba za wajane" huku wakisali sala ndefu. Yule mjane hakuitwa na mtu, hakutishwa na laana ya ukoo, hakuna aliyempangia kiasi. Sadaka ni tendo la shukrani na nitaitetea mpaka nife. Hii uliyoombwa wewe imewekewa bei, na ikiwekewa bei ni biashara, na biashara inayofanywa juu ya kitanda cha mgonjwa inaniumiza kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Kuhusu laana, wanafunzi waliuliza swali hilohilo mbele ya kipofu: ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake? Yesu akajibu kwamba si huyu wala wazazi wake. Kiharusi cha mumeo kina jina na sababu, na daktari alikutajia. Mwambie mchungaji kwa adabu: "Baba mchungaji, pesa hizi ni karo ya mtoto, naomba mtuombee tu." Akikuombea bila pesa, vizuri. Akikataa, amekuonyesha mwenyewe kwamba kanisa lingine linakufaa zaidi. Hata kanisa dogo lenye watu 20 wanaojua jina lako na wanaopita kwako katikati ya wiki litakuwa na faida kwako kuliko vipaza sauti vikubwa.

Mpelekee mwalimu mkuu hizo 12,000 wewe mwenyewe, ana kwa ana, mkiwa na kijana, na uandike ahadi ya kulipa zilizobaki kidogo kidogo. Halafu ulizia basari, ule msaada wa karo, kwenye ofisi ya CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge lenu, na kwenye ofisi ya wadi. Beba barua ya hospitali. Mtoto wa mzazi aliyepooza ana haki ya kuomba, na hiyo si aibu.

Haya, tuje kwenye maombi, maana ndicho ulichoniandikia.

Ulimwambia Mungu, "Umenichosha." Tazama ulimwambia nani. Hukwenda barazani kumsema, hukumsengenya kwa majirani. Ulipiga magoti, ukamkabili, ukamwambia yeye. Kwa macho yangu hayo ni maombi, na ni ya kweli kuliko makelele yote ya kesha uliyotaja. Biblia imejaa watu wa namna yako. Zaburi ya 13 inaanza, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Zaburi ya 88 ni kilio kitupu, na inafika mwisho bado iko gizani. Hakuna mstari wa shangwe uliobandikwa pale chini, na watu wa Mungu wameiimba vivyo hivyo kwa karne nyingi. Ayubu alimwambia Mungu maneno makali ambayo kanisani kwenu angenyang'anywa kipaza sauti. Rafiki zake watatu walimtetea Mungu sura baada ya sura, wakamtafutia Ayubu dhambi asiyokuwa nayo. Mwishoni Mungu aliwakasirikia wao. Alisema hawakunena yaliyonyoka kama alivyonena mtumishi wake Ayubu.

Kwa hiyo hukukufuru. Na zile siku ambazo maneno hayaji kabisa, Warumi 8:26 inasema hatujui kuomba jinsi itupasavyo, lakini Roho mwenyewe hutuombea "kwa kuugua kusikoweza kutamkwa". Wewe piga magoti, au hata usipige, kaa tu kitandani. Anayeomba wakati huo si wewe peke yako. Kila siku soma zaburi moja kwa sauti, hata ile unayoona haikugusi, iwe ndiyo maombi yako. Usijilazimishe kuongeza chochote. Na kesha uliache kwa sasa. Mtu anayeamka saa kumi kukanda unga anahitaji usingizi wa Ijumaa.

Nimefika kwenye neno lako la kulala usiamke. Sikulipita. Eliya, baada ya moto wa Karmeli na ushindi wote ule, alikaa chini ya mti jangwani akamwomba Mungu amwondolee uhai. Mungu hakumkaripia. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na chupa ya maji, akalala tena, akalishwa tena, na akaambiwa safari ni kubwa mno kwake. Nawe unalala saa ngapi, mwanangu, na unakula nini zaidi ya mahamri yaliyobaki? Kesho mkiwa kliniki mwambie muuguzi neno hilohilo uliloniambia mimi. Wana watu wa kuzungumza nawe, na wanaomhudumia mgonjwa nyumbani huchoka mpaka kwenye roho, hilo wanalijua. Mwambie pia mtu mmoja wa karibu, dada yako au yule jirani, kabla jua halijatua. Na siku hamu hiyo ikizidi, usibaki peke yako nayo hata saa moja. Nenda kwa mtu, au hospitali.

Unauliza mbona shida haikuzi imani yako kama ulivyohubiriwa. Nadhani ulihubiriwa nusu. Shida yenyewe haikuzi kitu. Nimeona watu iliowakausha kabisa. Paulo anasema dhiki huleta saburi, saburi huleta uthabiti wa moyo, uthabiti wa moyo huleta tumaini, na ukiangalia mpango huo utaona tumaini ndilo la mwisho kufika. Ulitazamia lije la kwanza, likakawia, ukadhani umefeli. Ninavyokusoma, kilichopungua ndani yako ni ile imani ya kwamba ukifunga sana na kutoa sana Mungu atakulipa kwa kukuepusha na mabaya. Iache ipungue, hata ikiisha usiililie. Chini yake imebaki nyingine, ambayo bado inamwambia Mungu "kwa nini" saa kumi za usiku badala ya kumpa mgongo. Hiyo ndiyo inayokua, na mwenye nayo kwa kawaida haioni.

Hapa kwetu Mombasa tunayo habari ambayo makanisa mengi hayaisimulii. Mwaka 1844 alifika mmisionari Johann Ludwig Krapf na mkewe Rosina. Miezi michache tu, Julai ya mwaka huohuo, Rosina akajifungua mtoto wa kike, homa ikawaangusha, akafa yeye na mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Aliwazika ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara ambao leo ni Nyali, na kumbukumbu yao iko huko mpaka sasa. Hakuna aliyefunga wala kutoa kiasi ambacho kingewazuia wasife. Krapf alikuwa ameanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akaendelea na kazi hiyo akiwa mjane. Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, wakaanza kituo Rabai, hapo juu tu ukishapita Mazeras. Miaka ikapita wakiwa na waumini wa kuhesabika kwa vidole. Na mmoja wa wale wa kwanza kabisa kubatizwa Rabai alikuwa mtu mlemavu aliyeitwa Mringe, akabatizwa akiwa karibu kufa. Mwili wake haukunyooka. Kanisa la Pwani lina mizizi kwa mtu kama huyo, na mumeo anayejishika ukutani asiambiwe na yeyote kwamba mwili wake ni ushahidi wa laana.

Jirani yako, kula chakula chake na umshukuru. Wakati wa njaa Eliya alilishwa na mjane wa Sarepta, nchi ya Sidoni, mwanamke asiye wa Israeli, na Yesu mwenyewe alimtaja mwanamke huyo kwa heshima mbele ya watu wa Nazareti, wakakasirika. Mombasa tumeishi hivi tangu zamani, tunazikana na kulishana. Ukipata unga wa ziada, mpelekee mahamri ya moto asubuhi.

Jambo moja nimelitafuta katika barua yako sikuliona. Umeandika ya mchungaji, ya mama wa kikundi, ya jirani, ya kijana. Mumeo anamwambia Mungu nini? Yeye ndiye aliyelala kitandani, ndiye aliyeachishwa kazi, ndiye anayesikia kwamba ukoo wake umelaaniwa, na maneno yanamtoka kwa shida kwa hiyo huenda hakuna anayemngoja amalize sentensi. Muulize, kisha umpe muda. Zile zaburi zisome ukiwa karibu naye. Na jaribu kumwimbia wimbo mliozoea kanisani tangu ujana wenu, ubeti mmoja tu, polepole, kisha nyamaza uone. Wapo wagonjwa wa kiharusi wanaoshindwa kusema lakini wakaweza kuimba. Akishika hata neno moja, mwimbe tena kesho yake, na umweleze yule mtu wa mazoezi kliniki kwamba ameweza.

Nitakuwa nawataja ninyi wawili na watoto kwa majina ambayo Mungu anayajua. Niandikie ukishatoka kliniki, hata mistari miwili, uniambie presha imesoma ngapi na kijana amerudi darasani au bado.

Shangazi